Alan Moorehead, mwandishi aliyeishiwa na maneno

Wasomaji wetu walioko hapa Uingereza wanayajua vizuri yale maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyokwishatumika, ambamo koti la marehemu fulani hutundikwa karibu na sahani zake na vitabu vyake. Humo ndimo tulimokutana, miaka kadhaa iliyopita, na kitabu kilichochakaa kiitwacho The White Nile, yaani Nile Nyeupe. Kilikuwa na mhuri wa maktaba iliyokitupa na bei yake ilikuwa pauni moja. Tulikifungua kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa kitambaa asichokusudia kukinunua, tukakuta kuwa hadithi nzima ya mto ule unaomwaga maji yake Misri inaanzia Unguja. Sura ya kwanza inampeleka msomaji Zanzibar ya mwaka 1856. Mtu aliyekaa mbali na kwao kwa muda mrefu hawezi kukirejesha kitabu kama hicho kwenye rafu. Tukakilipia.

Mwandishi wake ni Alan Moorehead, Muaustralia aliyezaliwa Melbourne tarehe 22 Julai 1910 na kufariki London tarehe 29 Septemba 1983. Vijana wengi wa leo hawamjui. Lakini katika miaka ya 50 na 60 ya karne iliyopita vitabu vyake vilikuwa vikisomwa mno na watu wa kawaida katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Aliandika juu ya vita, majasusi, mapinduzi ya Urusi, wanyama wa porini, wasafiri waliokufa kwa njaa jangwani, visiwa vya Bahari ya Kusini, safari ya Charles Darwin, na mito yote miwili ya Nile. Wapo mabingwa waliomkebehi kwamba hakuwa bingwa wa lolote katika hayo. Na kweli hakuwa. Alikuwa mwandishi wa khabari tangu mwanzo hadi mwisho, mtu wa kwenda kupaona mahali kwa macho yake kisha kurudi na kuwasimulia wasiofika, na kazi hiyo aliifanya kwa ufundi ambao mabingwa wengi hawakujaaliwa.

Tunamwandika leo kwa sababu katika zama zake wasomaji wengi wa nchi hizi tunamoishi walizipata khabari za mwambao wetu na bara letu kupitia kalamu yake, na mengi wanayodhani wanayajua juu yetu hadi leo yametoka huko. Vile vile tunamwandika kwa sababu maisha yake yaliishia mahali ambapo mtu yeyote anayekula kwa kalamu huogopa hata kupafikiria.

Moorehead alisomea Melbourne, skuli na chuo kikuu, akaanza kazi katika gazeti la Herald la mji huohuo. Mwaka 1936 aliiaga Australia. Hakufukuzwa na mtu. Aliona tu kwamba mambo yote makubwa ya dunia yanatokea kwengine, na yeye yuko pembeni akiyasoma yakiwa yamepoa. Alikuja Uingereza, akapata kazi katika Daily Express, akaripoti vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, kisha akapelekwa Paris na Roma. Mwaka 1939, huko Roma, alimwoa Lucy Milner, ambaye naye alikuwa mwandishi wa gazeti lilelile na mhariri wa ukurasa wa wanawake. Tunaomba msomaji alishike jina la bibi huyu, kwani tutamrudia.

Vita vikuu vya pili vilipofika Afrika ya Kaskazini, Moorehead aliwekwa Cairo. Alipita jangwani kwa gari pamoja na Alexander Clifford wa Daily Mail, gazeti lililokuwa mshindani wa lile lake. Mabosi wao walitaka kila mmoja ampige chenga mwenzake, na wao wakala chungu kimoja, wakalala chini ya gari moja na kuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kutokana na miaka ile vilitoka vitabu vitatu, Mediterranean Front mwaka 1941, A Year of Battle na The End in Africa mwaka 1943, ambavyo baadaye viliunganishwa kuwa kimoja kwa jina la African Trilogy. Ndani yake imo pia kampeni ya Uhabeshi ya mwaka 1941, ile ambayo askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana na Mtaliano. Babu zetu wengine walikuwemo. Baada ya Afrika alifuatana na majeshi mpaka Italia, Normandy na Ujerumani, akaiona kambi ya Belsen mara tu baada ya kukombolewa. Kitabu cha safari hiyo, Eclipse, kilitoka mwaka 1945, na mwaka uliofuata alitoa wasifu wa Jemadari Montgomery.

Hapo angeweza kubakia katika gazeti na kula jina lake. Aliliacha. Alihamia na Lucy na watoto kwenye nyumba ya zamani karibu na Florence, Italia, akitaka kuwa mwandishi wa riwaya. Riwaya zake hazikuvuma. Hatuna haja ya kuzisimulia, ila tunasema tu kwamba miaka kama kumi hivi baada ya vita ilikuwa ya kubahatisha. Yule aliyekuwa akitajwa kila siku wakati wa vita alikuwa anakaribia arubaini na tano huku akitafuta la kuandika.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika The Traitors, mwaka 1952, juu ya wanasayansi waliowapa Warusi siri za bomu la atomiki, akina Klaus Fuchs, Alan Nunn May na Bruno Pontecorvo. Kitabu kilisomwa kwa hamu. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zilionyesha kuwa idara ya usalama ya Uingereza ilimsaidia kukiandika, kwa vile ilikuwa na haja ya kujisafisha baada ya fedheha ile. Sisi ambao tumeyaona makwetu magazeti yanayoandikwa na mkono mmoja na kusainiwa na mwengine, hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Huenda kila lililomo ni sahihi. Lakini msomaji wa 1952 hakuambiwa nani alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, na mwandishi aliyezoea kusafiri na majeshi ya serikali kwa miaka sita hakuona ajabu kukaa meza moja na serikali hiyohiyo.

Kilichomwinua upya ni Gallipoli, mwaka 1956. Kwa Waaustralia, Gallipoli ni jina zito. Tarehe 25 Aprili 1915 vijana wao waliteremshwa kwenye fukwe za Uturuki, na kabla ya majeshi kuondolewa Januari 1916 maelfu yao walikuwa wamezikwa huko. Moorehead alikulia kwenye hotuba na gwaride za siku hiyo mpaka zikamchosha. Alipokuja kuiandika, akiwa kisiwani Ugiriki, alifanya jambo ambalo wazee wa gwaride hawakulizoea. Aliwatazama Waturuki nao kama watu wenye nchi ya kuilinda, na Mustafa Kemal kama kamanda aliyeijua kazi yake. Kitabu kilipata tuzo mbili kubwa mwaka huohuo, ikiwemo ile ya Duff Cooper iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo mtu huyu hakusimama. Kwa muda wa miaka kumi alitoa kitabu nyuma ya kitabu, na vile anavyokumbukwa navyo zaidi ni vya muongo huo.

Tuanze na wanyama. No Room in the Ark kilitoka mwaka 1959, baada ya safari zake za Afrika ya Kusini na ya Mashariki. Jina lake linakusudia safina ya Nabii Nuhu, kwamba imejaa na wanyama hawana tena pa kukaa. Moorehead hakujitia ujuzi wa elimu ya viumbe. Alikuwa mgeni anayeshangaa, na kushangaa kwake ndiko kunakompendeza msomaji. Alifika hadi Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, ambako Mjerumani Walter Baumgartel alikuwa na hoteli ndogo chini ya milima ya Virunga, akapanda kwenda kuwatafuta gorila wa milimani. Mlima ule ulikuwa na waongozaji wake wenyeji, na mashuhuri wao alikuwa Reuben Rwanzagire, ambaye aliwafuata gorila kwa alama za nyayo na majani yaliyotafunwa. Wataalamu wakubwa wa gorila walipita baadaye katika hoteli ileile, na majina yao yamejaa vitabuni. Jina la Reuben halitajwi sana.

Moorehead alihofia kuwa gorila hawa na wanyama wengine wakubwa wamo mbioni kutoweka. Kwa gorila alikosea, na tunafurahi kwamba alikosea, kwani hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kuwa wamezidi 1,000. Kwa tembo hakukosea. Takwimu zilizotolewa mwaka 2015 zilionyesha kuwa Tanzania peke yake ilipoteza kiasi cha asilimia 60 ya tembo wake katika miaka mitano tu. Tembo hao hawakumalizwa na mkulima mwenye shamba la mahindi. Walimalizwa na soko la pembe lililoko ng'ambo na wakubwa waliofumba macho huku nyumbani.

Na hapa ndipo tunapogombana naye kidogo. Kitabu chake kinawapenda wanyama mno na kinawatazama watu wa nchi zile kwa mbali, kama tishio linaloongezeka. Mwaka huohuo wa 1959, Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walikuwa wanahamishiwa Ngorongoro ili hifadhi ibaki ya wanyama peke yao. Safina haikuwa na nafasi, na walioanza kuteremshwa walikuwa binaadamu. Kadhia hiyo haijesha. Juni 2022, wakati wa kuwekwa mipaka mipya Loliondo, Wamasai wengine walivuka kukimbilia Kenya baada ya kupambana na vyombo vya dola. Hatusemi Moorehead ndiye aliyeyaleta hayo. Tunasema wazo kwamba Afrika safi ni ile isiyo na Waafrika lilienezwa kwa vitabu vizuri, na chake kilikuwa kimojawapo.

Mwaka 1960 kikatoka The White Nile. Hiki ndicho kilichouzwa mno, na ndicho tulichokikuta kwa pauni moja.

Moorehead anaanza na Richard Burton na John Hanning Speke wakiteremka Unguja Desemba 1856, wiki chache baada ya Sayyid Said kufia baharini akitoka Oman. Watawala wanabadilika, mji unanong'ona, na Waingereza wawili wanangojea kuvuka bara kutafuta chimbuko la Nile. Anawapeleka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, na Ujiji. Anamfikisha Speke peke yake kwenye Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, na baadaye kwenye maporomoko ya Jinja ambako mto unalitoka ziwa. Msomaji wa leo akienda hatayaona maporomoko hayo, yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954. Kisha anakuja na Samuel Baker, Livingstone, Stanley, Gordon na kuanguka kwa Khartoum Januari 1885 mikononi mwa Mahdi, na kuendelea hadi mwisho wa karne. Ni kitabu cha kukesha nacho. Ugomvi wa Burton na Speke, na Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na mwenzake mbele ya wataalamu, anausimulia kwa namna ambayo unajua mwisho na bado roho inakudunda.

Tulimpa kitabu hiki mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Malindi, Unguja, ambaye ujana wake aliupitisha melini na uzee wake anaupitisha katika mji huu wa baridi. Alikaa nacho wiki tatu. Tulidhani atakasirika kwa yale yaliyoandikwa juu ya mji wake, maana wasafiri wa Kizungu wa wakati ule waliulalamikia sana uvundo wa ufukwe, na soko la watumwa limo kitabuni na halikupambwa. Hakukasirika. Alisema kuwa soko lilikuwepo, na mahali pake Mkunazini kila mtu anapajua, na kwamba sisi wenyewe ndio tusiopenda kulizungumza mpaka wageni wakatuzungumzia. Kilichomuudhi ni chengine. Alituuliza kama tumeona kwamba katika kitabu chote kile hakuna mtu wetu anayefungua mdomo wake akaeleza alichokuwa akikifikiria. Wapagazi wanabeba, wanatoroka, wanaugua, wanakufa. Masultani wanakubali au wanakataa. Wanaofikiri ni wageni tu.

Tulirudi kukisoma tena kwa jicho la mzee, tukaona ana haki. Mtazame Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akafika Bara Hindi, akarudi huru, na akafanya safari na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley, na hatimaye na Cameron akalikata bara lote kutoka mwambao hadi mwambao. Yumo katika kitabu, na anachekesha, na anapendeza. Lakini ni Bombay kama Speke alivyomwona. Mtazame Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu wa Kazeh, aliyewakaribisha wageni kwake na kuwaeleza kwamba hakuna bahari moja kubwa huko bara kama ramani za Ulaya zilivyodhani, bali yapo maziwa matatu mbalimbali, na moja liko kaskazini. Speke aliitia akilini khabari hiyo, akalifuata ziwa la kaskazini, na dunia ikaambiwa kuwa limegunduliwa. Jambo lilikuwa limekwishasemwa barazani, pengine kikombe cha kahawa kikiwa mkononi.

Tutakuwa hatukumtendea haki tukisema kuwa alikuwa na la kufanya akakataa. Alifanya kazi kwa maandishi ya wasafiri wenyewe, na wasafiri waliandika wanachojua. Hata hivyo maandishi ya upande wetu hayakukosekana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini, na Wilfred Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958, miaka miwili kabla ya The White Nile. Katika maandishi hayo Stanley ni mgeni mmoja tu kati ya wengi, mwenye ahadi nyingi na malipo haba. Anayesafiri, anayepiga hesabu, anayepigana na anayedai deni lake ni mtu wa Unguja. Hatumsafishi Hamed bin Muhammed. Biashara yake ilikuwa pembe za ndovu, na nyuma yake kulikuwa na vijiji vilivyoungua na watu waliofungwa minyororo. Lakini anasema mwenyewe, na mtu anayesema mwenyewe unaweza kumhukumu.

Mzee aliamua kumpa mjukuu wake kitabu cha Moorehead. Mtoto ana miaka kumi na nne, amezaliwa hapa, na Kiswahili chake ni cha salamu na chakula. Tulimuuliza mzee kwa nini, baada ya malalamiko yote yale. Akatujibu kuwa bora mtoto aujue mto kwa kuusikia upande mmoja kuliko kutoujua kabisa, na kwamba ule upande wa pili atamsomea yeye Ijumaa baada ya sala, sentensi moja Kiswahili na maelezo yake Kiingereza. Mara ya mwisho tulipomuona walikuwa wamefika pale Hamed bado kijana, anakopa bidhaa kwa matajiri wa Unguja.

Baada ya Nile Nyeupe, Moorehead aliandika Nile ya Buluu, The Blue Nile, mwaka 1962, inayoanzia Ziwa Tana kwa Mskochi James Bruce, ikapita kwa Napoleon Misri na majeshi ya Muhammad Ali Sudan, na kumalizikia kwa Mfalme Tewodros aliyejiua Magdala mwaka 1868 Waingereza walipoivunja ngome yake. Wengi wanaipenda zaidi ya ile ya kwanza. Sisi tunaona imetawanyika.

Kitabu chake bora, kwa maoni yetu, hakihusu Afrika. Ni Cooper's Creek, mwaka 1963, juu ya kwao. Mwaka 1860 Robert Burke na William Wills walitoka Melbourne na ngamia walioletwa kutoka Bara Hindi, wakitaka kuikata Australia kutoka kusini hadi kaskazini. Walikaribia kabisa bahari ya kaskazini, wakarudi wamekonda hadi kwenye kambi yao ya kijito cha Cooper jioni ya tarehe 21 Aprili 1861. Wenzao waliokuwa wakiwangojea kwa miezi minne walikuwa wameondoka asubuhi ya siku ileile. Burke na Wills walikufa kwa njaa kando ya kijito ambacho wenyeji wa nchi, Wayandruwandha, walikuwa wakiishi na kushiba, na mwenzao John King alipona kwa sababu alikwenda kwa wenyeji hao wakampa chakula na mahali pa kulala. Hapa Moorehead anawatazama wazungu wenzake wakifa kwa ujinga na kiburi katika nchi yenye chakula, na anaandika kwa uchungu ambao hatukuuona alipokuwa Kazeh. Labda ilibidi arudi kwao ndipo aone.

Mwaka 1966 alitoa The Fatal Impact, juu ya namna ujio wa meli za Ulaya ulivyowaangamiza watu wa Tahiti na Australia na wanyama wa bahari za kusini. Wanahistoria wa Pasifiki walikuja kumkosoa baadaye kwamba watu wa visiwa vile amewafanya waathirika tu, wasio na hila wala uamuzi wao. Ni kosa lilelile la mzee wa Malindi. Lakini mwaka 1966 kuwaambia wasomaji wa Kizungu kwamba Kapteni Cook aliacha maafa nyuma yake lilikuwa jambo la kuhitaji moyo.

Desemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 56, alilazwa hospitali London kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Katika uchunguzi alipatwa na kiharusi, akafanyiwa upasuaji wa ubongo. Alipona mwili. Lakini hakuweza tena kusema ila maneno machache, wala kuandika, wala kusoma. Akili yake ilikuwa macho, aliwajua watu wake, aliwasikiliza, na alijua vizuri alichokipoteza. Alikaa hivyo miaka kumi na saba.

Hapa ndipo tunapomrudia Lucy. Bibi huyu alikuwa mwandishi kabla hajaolewa, na kwa miaka thelathini alimchapia, alimhaririia, alimwandikia barua na kuziendesha nyumba zake wakati yeye yumo safarini. Sasa alianza kumfundisha maneno moja moja kama mtoto. Aliyakusanya yale aliyokuwa ameyaandika juu ya Darwin na mwaka 1969 kikatoka Darwin and the Beagle, chenye picha nzuri, ambacho watu wengi walikinunua bila kujua kuwa mwenye jina lililo jaladani hawezi kukisoma. Akafungua na makaratasi ya kumbukumbu zake, akayapanga, na mwaka 1970 yakatoka kwa jina la A Late Education. Ndani yake mna urafiki wake na yule Clifford wa jangwani, aliyefariki mwaka 1952 bado kijana. Jina la Lucy halimo kwenye majalada hayo. Alifariki katika ajali ya gari Italia mwaka 1979, na Moorehead akaishi miaka minne mengine bila mtu aliyekuwa ulimi wake.

Kaburi lake liko Hampstead, London, upande wa Fortune Green. Vitabu vyake vya Nile na Gallipoli vimeendelea kuchapishwa tena na tena.

Binti yao Caroline Moorehead alichukua kazi ya wazazi. Mwaka 2005 alitoa kitabu kiitwacho Human Cargo, juu ya wakimbizi wa nchi mbalimbali, watu wanaongoja karatasi, wanaokataliwa, wanaoulizwa mara kumi na maafisa wasiowaamini. Kinaanzia Cairo, mji uleule uliomtoa baba yake, miongoni mwa vijana wa Kiliberia waliokimbia vita. Aliwauliza majina yao, walikotoka na lililowapata, akayaandika waliyomwambia. Nacho tulikikuta katika duka la hisani, rafu nyengine. Pauni mbili.